Nyota kwa Jina, Mgeni kwa Uso

Si kila kigelegele ni cha harusi. Tangu Desemba 2015, ilipotoka filamu ya saba katika mfululizo wa Star Wars, Afrika Mashariki imekuwa ikishangilia jambo moja: kwamba binti yetu Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya na kutwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014, ameingia katika hadithi mashuhuri kuliko zote za anga za mbali. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza, na vijana wakaibandika habari hiyo kila walipoweza. Katika shangwe hiyo yote, ni wachache waliouliza swali dogo ambalo hata mtoto angeliuliza: je, mmemwona?

Hatukumwona. Tulimwona bibi mdogo wa kimo, mwenye ngozi ya rangi ya machungwa na miwani mikubwa ya duara, mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, aitwaye Maz Kanata. Sauti ilikuwa ya Lupita. Miondoko ya uso ilikuwa yake, iliyonakiliwa kwa kamera na kompyuta kutoka alama ndogo ndogo alizobandikwa mashavuni. Lakini uso wenyewe, ule uliowafanya walimwengu wasimame mwaka 2014, haukuwamo. Mwenye kutaka kumwona Lupita katika filamu hiyo hana budi kungoja majina mwishoni.

Ninaandika kutoka Mwankoko, kata iliyo pembezoni mwa mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti na majabali na ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai. Yamkini msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu atajiuliza: mtu wa bara, aliye mbali na bahari na mbali zaidi na Hollywood, ana haki gani ya kuzusha mjadala wa waigizaji wa sinema katika jarida la ushairi? Haki yangu ni hii: sisi wa bara tunafahamu, tena tangu zamani, maana ya kutazamwa kama viumbe wa namna nyingine. Nitairudia hoja hii mbele, maana ina mkuki wake kwetu sote.

Ninachodai ni kimoja. Kwa zaidi ya nusu karne, hadithi za kubuni za kisayansi za Magharibi zimekuwa zikichukua kutoka kwetu jina, zikichukua lugha, zikichukua sauti na mwili wa mwanamke wetu, ila zimekuwa nzito mno kupokea vitu viwili: uso wake na kwao. Na sisi, badala ya kudai, tunapiga vigelegele. Na badala ya kuandika mbingu zetu wenyewe, tunangoja kualikwa katika mbingu za watu.

Tuanze na neno, kwa kuwa hapa ni kwa wapenzi wa maneno. Kwa Kiingereza, neno linalomtaja kiumbe wa sayari nyingine ndilo hilo hilo linalotumika katika sheria za uhamiaji kumtaja mtu asiye raia. Mwenye pembe na macho sita, na msichana aliyetua uwanja wa ndege akiwa na pasipoti ya Kenya, wote wamewekwa katika kapu moja la lugha. Kiswahili hakina kapu hilo. Sisi tuna mgeni, na mgeni ni mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata yule tunayemchoka siku ya tatu, dawa yetu ni kumpa jembe, maana yake kumfanya mwenzetu. Ndiyo maana mpaka leo tunapata taabu kumtafsiri kiumbe huyo wa sinema, tukalazimika kusema kwa kirefu: kiumbe kutoka sayari nyingine. Taabu hiyo si upungufu wa lugha. Ni adabu yake.

Sasa tuitazame historia. Tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilipoanza kurushwa Marekani mwaka 1966, miongoni mwa maofisa wa chombo cha anga alikuwamo mwanamke mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Mmarekani Robert Ruark kilichotoka mwaka 1962, kinachohusu Kenya iliyokuwa ukingoni mwa kujitawala, na ambacho jina lake ni neno letu: Uhuru. Mwenye tamthilia alilipenda neno, akaliona kali, akalibadilisha irabu ya mwisho ili liwe laini, la kike. Hivyo neno ambalo watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamelifia likakatwa mkia, likawa Uhura, neno lisilo na maana yoyote katika Kiswahili. Washairi wanaozihesabu mizani wanajua irabu moja inaweza kubeba nini.

Hata hivyo mambo hayakuishia kwenye jina. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe wa sayari nyingine ambaye chakula chake ni chumvi, naye huinyonya kutoka miilini mwa watu mpaka wakafa. Kiumbe huyo ana uwezo wa kujigeuza awe yeyote ambaye moyo wa anayemwinda unamtamani. Anamwendea Uhura akiwa kijana mweusi mtanashati, na ili kumlainisha anamsemesha Kiswahili. Tafakari, msomaji. Sauti ya Kiswahili inayomfikia mwanamke huyo chomboni inatoka kinywani mwa mnyonyaji, na imewekwa pale iwe chambo cha kumnasia mpweke. Watoto wa Mwankoko, ambao chumvi ya maziwa wanaijua kwa ulimi, wangemshauri kiumbe huyo atue Singida, ale ashibe, asimsumbue mtu.

Sisemi haya kumdharau marehemu Nichols, aliyefariki Julai 2022. Kinyume chake, yeye ndiye shahidi wangu mkuu. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi hiyo, naye Martin Luther King akamsihi abaki, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wakionekana katika televisheni kama walivyostahili kuonekana. Alibaki. Miongoni mwa watoto waliomtazama alikuwamo msichana Mae Jemison, ambaye Septemba 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani kwa kweli, si kwa sinema, na ambaye amesema waziwazi kwamba Uhura alimtia moyo. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo ninalolipigania. Uhura alikuwa na jina lililokatwa na mistari michache ya kusema, lakini alikuwa na uso. Mtoto wa Chicago aliutazama uso ule akaona unafanana na wake. Ni mtoto gani wa Kisumu, wa Singida au wa Wete atakayemtazama Maz Kanata aseme: huyu ni mimi?

Baada ya jina ikafuata lugha. Mwaka 1983, katika filamu ya tatu ya Star Wars, alitokea rubani wa sayari nyingine, mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho meusi makubwa. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, naye alisema Kikuyu. Walimwengu wakaambiwa ni lugha ya huko mbali, isiyofahamika. Waliojua Kikuyu walifahamu na kucheka, na kicheko hicho hakina lawama. Lakini mshairi hana ruhusa ya kucheka kwa muda mrefu. Lugha yenye methali na vitendawili, na nyimbo za jando na za msituni, ilichukuliwa iwe kelele tu, mfano wa ndege au mashine, kwa imani kwamba hakuna atakayeielewa kati ya watu wanaohesabiwa.

Halafu ukafika uso, na namna ulivyofika ni ya kushangaza. Iman Abdulmajid alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, binti wa mwanadiplomasia, akasoma Misri, kisha akawa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1975 mpiga picha Mmarekani Peter Beard alimwona Nairobi, akampiga picha. Alipompeleka New York, Beard alizusha hadithi kwamba amemwokota porini, mchunga mbuzi asiyejua Kiingereza. Magazeti yakameza. Msichana wa chuo kikuu, mwenye lugha kadhaa ulimini, akapokelewa kama kiumbe aliyedondoka kutoka mahali pasipo na shule. Iman ameieleza hadithi hii mara nyingi, na kuikanusha.

Basi mwaka 1991 Iman huyo alipopewa nafasi katika filamu ya sita ya Star Trek, alipewa nini? Alipewa Martia, kiumbe mwenye macho ya manjano, mfungwa katika gereza la barafu, mwenye uwezo wa kujigeuza umbo. Uso wa Iman unaonekana, naam, lakini hadithi inatuambia kwamba uso ule ni vazi tu, mojawapo ya mengi aliyoyachagua ili kuwapendeza anaowadanganya. Anawasaidia mashujaa kutoroka, kumbe ameuza siri. Na anapouawa, anauawa akiwa katika sura ya shujaa mzungu. Hata kufa hakufa kwa sura yake. Beard alimvisha uongo wa porini, sinema ikamvisha uongo wa anga. Tofauti ni urefu wa safari.

Ukafuata mwaka 2009, ambao ningependa vijana wa fasihi waukariri kama wanavyokariri tarehe za vita. Mwaka huo Zoe Saldaña, Mmarekani mwenye asili ya Dominika na Puerto Rico, aliigiza wanawake wawili. Wa kwanza ni Uhura, katika Star Trek mpya. Na ni katika filamu hiyo ndipo jina la kwanza la Uhura lilipotamkwa kwenye sinema kwa mara ya kwanza: Nyota. Neno letu, safari hii bila kukatwa irabu. Wa pili ni Neytiri wa Avatar, mwanamke wa rangi ya buluu kutoka Pandora, mwezi wa sayari ya mbali, na hapo uso wa mwigizaji ulikwenda na maji ya kompyuta. Mwaka 2014 aliongeza wa tatu, Gamora, aliyepakwa rangi ya kijani toka utosini. Mwanamke mmoja, mweusi wa asili, mwenye vipaji tele: akiwa binadamu anaitwa kwa Kiswahili, akilipwa umaarufu mkubwa zaidi, anapakwa buluu au kijani. Saldaña mwenyewe hajalalamika. Amewahi kueleza kwamba anga limempa nafasi ambazo dunia ya Hollywood ilimnyima. Ninamsadiki. Lakini ushahidi huo unamshitaki nani, kama si dunia hiyo?

Nyong'o naye ana utetezi wake, na haki inataka usikilizwe. Alieleza wakati ule kwamba filamu iliyompa Oscar, ya mateso ya utumwa, ilihusu mno mwili wake, na kwamba alifurahia kuigiza mahali ambapo mwili haukuwa kitu. Maneno hayo yana uchungu kuliko wasifu wowote. Mwanamke aliyechapwa viboko mbele ya kamera ametamani kupumzika asitazamwe. Mwenye moyo gani atamlaumu? Simlaumu yeye. Ninayemlaumu ni yule aliyempangia milango miwili tu: kuonekana akiteswa, au kutukuzwa akiwa haonekani. Ukumbi wenye milango hiyo peke yake haukujengwa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Watatokea wengine waniambie kwamba Mwafrika hapaswi kuogopa kinyago, ilhali Wamakonde wanacheza mapiko, na mchezaji wa mapiko hauonyeshi uso. Ni hoja nzuri, tena ya msomi, lakini haijasimama. Kinyago cha mapiko huchongwa na jamii ile ile iliyo uwanjani, na husema habari za jamii hiyo kwa lugha yake. Maz Kanata hakuchongwa na mtu wetu, wala hana habari zetu. Kuna kuvaa kinyago, na kuna kuvikwa.

Wengine watasema: mbona na wazungu hupakwa rangi na kubandikwa masikio? Ni kweli. Lakini kwa kila mzungu aliyefichwa, wapo wengi waliosimama mbele yake kwa nyuso zao, wakipenda, wakikosea, wakiokoa ulimwengu. Katika filamu ile ya 2015 Daisy Ridley alipewa uso wake kamili, na John Boyega, mwenye wazazi Wanigeria, alipewa wake. Aliyekosa ni mwanamke mweusi mashuhuri kuliko wote katika orodha ya waigizaji. Tena inawezekana kabisa kuigiza kiumbe wa sayari nyingine bila kufutwa. Whoopi Goldberg, aliyeomba mwenyewe kuingia katika Star Trek kwa sababu utotoni alimwona Uhura, aliigiza Guinan kuanzia mwaka 1988 kwa uso wake, akiwa na kofia pana tu kichwani. Mwaka 2020 Waingereza walimwonyesha Jo Martin, mwanamke mweusi, akiwa Daktari katika tamthilia yao ya Doctor Who, yaani yule yule msafiri wa nyakati kutoka sayari ya Gallifrey. Na kati ya 2023 na 2025 nafasi hiyo ikashikwa na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda. Hao wote si binadamu katika hadithi, na bado tumewaona. Ugomvi wangu basi si na sayari. Ni na kufutwa.

Na sasa, ndugu zangu, tugeuze mkuki.

Mwaka ule ule wa 2009, kabla dunia haijamjua, Lupita Nyong'o alikuwa mwongozaji wa filamu ya kweli iitwayo In My Genes, inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Katika filamu hiyo watu hao wanakaa mbele ya kamera na kusema wenyewe, kwa nyuso zao. Nyakati hizo hizo, kuanzia mwaka 2007 na 2008, Tanzania yetu ilikuwa ikisikika duniani kwa habari za kuuawa na kukatwa viungo vya wenzetu wenye ualbino. Wapo waliokuwa wakisema kwamba watu hao hawafi, hutoweka tu. Kwamba si watu kama watu. Tazama basi: sisi nasi tulikuwa na viumbe wetu wa sayari nyingine, tuliowabuni bila kompyuta, na hatukuwaunda kwa ajili ya burudani. Binti yule aliyewapa uso walionyang'anywa uso ndiye, miaka sita baadaye, aliyetoa wake. Kati ya kazi zake hizi mbili, ni ipi tuliyoipigia vigelegele?

Kuna na neno jingine ambalo wasomaji wa mwambao hawatalisikia kwa raha. Katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994 yumo fisi jike aitwaye Shenzi, aliyetiwa sauti na Goldberg. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, sauti ya Shenzi ilitolewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Wanawake weusi wawili, fisi mmoja, na jina ambalo Hollywood haikulibuni. Walilikuta. Ni neno lililopikwa pwani, kutenganisha muungwana na mshenzi, mwenye mji na mtu wa kutoka bara. Walioteremshwa kutoka bara kwa minyororo waliitwa hivyo kabla ya kupewa jina jingine. Mmarekani alipokwenda kutafuta jina la fisi, duka alilolikuta wazi lilikuwa letu.

Wala sisi wa bara hatujatoharika. Katika mkoa wangu huu huu wa Singida, upande wa Mkalama, wanaishi Wahadzabe, wenye lugha yenye sauti za midoko zisizopatikana katika Kinyaturu wala Kiswahili. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu, wakiigiza midoko hiyo barazani ili wachekwe. Wanafanya kwa Wahadzabe yale yale yaliyofanywa kwa Kikuyu mwaka 1983, bila hata udhuru wa kutojuana. Anayetaka kudai uso wake huko ughaibuni, na aanze kwa kurudisha nyuso alizozichukua nyumbani.

Je, lipo tunaloweza kufanya zaidi ya kulalama? Lipo, na limekwisha kufanywa. Mwaka huo wa 2009, Avatar ikitumia mamilioni juu ya mamilioni ya dola, Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya dakika ishirini hivi, akaiita kwa Kiswahili: Pumzi. Inahusu wakati ujao, baada ya vita vya maji, ambapo watu wa Afrika Mashariki wanaishi chini ya ardhi na kila tone la jasho linachujwa lirudiwe kunywewa. Shujaa wake ni Asha, aliyeigizwa na Kudzani Moswela. Asha anapata udongo ulio hai, anatoroka kwenda nje kwenye jangwa, anapanda mche na kuunywesha maji yake mwenyewe mpaka nguvu zinamwisha. Hakupakwa rangi. Hakugeuzwa umbo. Ana uso, ana jina lenye maana ya uhai, na jangwa analolifia ni la kwao. Mwezi Januari 2010 filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Ukimwonyesha mkulima wa Mwankoko, anayeitazama mvua ya Singida ikija kidogo na kuondoka mapema, hataihitaji tafsiri.

Tunao pia wasanii ambao hakuna chuo kilichowatunuku. Katika vibanda vya video, kutoka Dar es Salaam hadi vijiji vya kwetu, walipata kuvuma watafsiri wa papo kwa papo, mashuhuri kati yao akiwa Lufufu. Na Kenya wana DJ Afro. Mtu huyo hukaa na kipaza sauti, filamu ya kigeni ikienda, naye akaisimulia kwa Kiswahili: akampa mhusika jina la mtaani, akatia methali, akakejeli, akaonya. Wenye filamu waliona ni wizi, na sheria ya hakimiliki ina neno lake. Lakini kwa jicho la fasihi ni kisasi kizuri. Wao walichukua lugha zetu kuwavalisha viumbe wao. Msimulizi wetu amewachukua viumbe wao akawafundisha Kiswahili, tena cha kueleweka. Kilichobaki ni kupiga hatua moja: kusimulia bila kungoja picha ya mtu.

Na hapa nawageukia malenga. Nani aliyesema anga ni ya Waingereza na Wamarekani? Manahodha wenu walivuka kwenda Maskati na kurudi kwa kuzisoma nyota. Tenzi za Miraji ziliimbwa mwambaoni kabla ya chombo chochote kurushwa, nazo zinasimulia safari ya kupanda mbingu moja baada ya nyingine. Kilimia, kundi lile la nyota linalowaarifu watu msimu wa kulima, kinajulikana kwa baharia na kwa mkulima. Jina lake, kwa matamshi mbalimbali, limo katika lugha nyingi za Kibantu, mbali sana na mawimbi. Ukikitazama kutoka Mwankoko au kutoka Mkoani, ni kile kile. Hatukuwahi kuwa wageni angani. Tumekubali tu kuambiwa hivyo.

Basi madai yangu ni haya, nayo si mengi. Wahariri wa majarida ya fasihi, likiwamo hili, wafungue kurasa kwa hadithi na mashairi ya wakati ujao, wasiyahesabu kuwa mchezo wa watoto. Watunzi watuandikie mwanamke anayepaa akiwa na jina lake zima, bila irabu kubadilishwa. Waigizaji wetu wanaoitwa ughaibuni waulize, kabla ya kutia sahihi, kama uso wao umo katika mkataba. Nasi watazamaji tuzuie vigelegele kidogo mpaka bibi harusi afunuliwe shela.

Kwa kuwa jarida hili halipokei ugomvi mkavu, naambatisha beti mbili:

Jina letu walipata, wakaliweka nyotani,
Lugha wakaikokota, iwe kelele hewani,
Uso wetu waufuta, haumo tena pichani,
Nani atakayeleta, sura yetu paziani?

Malenga msije koma, wino ungali bahari,
Juu mnapotazama, Kilimia ki tayari,
Mwanamke wa heshima, apae kwa yake ari,
Uso wake ukisema, Kiswahili kwa fahari.

Mwankoko, Singida